Mhadhara Rasmi Kuhusu Neno "Hodari", Uliotolewa Mitaboni

Mheshimiwa chifu, wazee wa kijiji, akina mama wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, itifaki imezingatiwa. Naambiwa nilingojewa tangu saa tatu. Wapendwa, watu wa kawaida hufika. Mtaalamu huwasili, na kuwasili kuna maandalizi yake. Shati hili peke yake limepigwa pasi mara mbili.

Mada ya leo ni kivumishi "hodari". Nimelitafiti neno hili kwa kina kisichowahi kufikiwa mashariki ya Mto Athi. Hodari ni mtu anayeishika kazi akijua anachokitaka, asiyepoteza muda. Suala hili la kutopoteza muda nitalifafanua kwa vipengele kumi na vinne.

Kipengele cha kwanza ni mimi. Nilipokuwa mdogo tayari walimu walikuwa wakisema, "Huyu tumfanyeje?" Leo nimesimama mbele yenu, watu wahodari wa Mitaboni... Naam, mtoto? Unasema "hodari" halipokei kiambishi, kama "safi" na "bora"? Mtu hodari, watu hodari? Uko gredi ya ngapi? Ya sita. Keti. Nilikuwa nakupima, na umefaulu.

Kipengele cha pili, historia. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti ya kuomboleza jinsi udongo wa Ukambani ulivyokuwa ukichukuliwa na maji. Mwaka uliofuata serikali, ikidai mifugo ndiyo inayoharibu udongo, ikaanza kuuza ng'ombe wa watu kwa nguvu. Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga, wakapiga kambi Kariokor. Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu, ila serikali ililegeza kamba. Babu yangu mzaa baba alikuwemo katika msafara ule. Alifika Athi River, akarudi kufuata kofia.

Kipengele cha tatu, kazi yenyewe. Mnachimba mtaro kukata mteremko, udongo mnaurusha upande wa juu, unakuwa tuta. Mvua ikinyesha, maji yanakwama hapo badala ya kukimbia na shamba. Misimu ikipita, kilima kinakuwa ngazi. Mmekipa kitu hiki jina "fanya juu", na jina hilo limeingia hivyo hivyo, kwa Kiswahili, katika vitabu vya wataalamu wa udongo wa nchi za mbali. Maneno mawili tu! Mimi ningependekeza "Mfumo Jumuishi wa Uhamishaji Wima wa Tabaka la Juu la Ardhi". Sikuulizwa.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, tangu miaka ya 1930 hadi 1990. Waligundua kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko umepungua. Sifa wakawapa wakulima wenyewe, na vikundi vya mwethya vilivyojaa akina mama. Nimekisoma kitabu hicho kwa makini, hasa faharasa, hasa herufi ya jina langu. Wachapishaji nao ni binadamu, hukosea.

Lakini mbona viti vinabaki vitupu? Akina mama, majembe hayo mnayapeleka wapi? Sijamaliza hata robo! Aa, naona mtaro umeshaupita mwembe. Basi endeleeni, sauti yangu inafika huko. Mtanisamehe kwa kutoshika jembe: kuchanganya nadharia na vitendo ni kosa kubwa la kitaaluma, tena viatu hivi ni vya kuazima.

Naona mweka hazina anakuja na karatasi. Hatimaye, bahasha ya mgeni rasmi! Nisome... Faini. Kumbe kikundi hiki humtoza faini kila anayechelewa kazini, bila kujali elimu yake. Ni utaratibu mzuri, naupongeza. Ikateni kwenye malipo yangu ya mhadhara.

Malipo hayapo?

Kipengele cha nne, basi: uvivu wa kamati.