Imeshindwa, Ikatoa Mji

Sebule moja mjini Tanga, saa nne usiku. Umeme umekatika runinga ikiwa bado inaongea. Watu wametoka barazani kutafuta upepo, na mshumaa wameondoka nao. Mezani amebaki Feni, mkongwe, wavu wake umeshikizwa kwa waya upande mmoja. Kwenye kochi, juu ya kitambaa cha kufuma, amelala Rimoti, bado yumo ndani ya nailoni yake, mfuniko wa betri umebanwa kwa mpira.

RIMOTI: Shikamoo, Mzee Feni.

FENI: Marahaba, mwanangu. Hujalala?

RIMOTI: Nilale wapi, na Bibi kanikalia tangu saa mbili? Kainuka sasa hivi ndiyo kwanza napumua. Hebu niambie, runinga ilikuwa inaonyesha nini? Nimesikia kila neno, sijaona kitu.

FENI: Basi tumekutana. Mimi nimeona, ila kusikia sikusikia. Nikiwekwa namba tatu sijisikii hata mwenyewe. Na huko kuona kwenyewe ni nusu kwa nusu: nikigeuka huku naona runinga, nikigeuka huku naona vikombe vya kabatini. Nimeona wazungu wawili wamesimama nyuma ya meza, na katikati yao dunia.

RIMOTI: Dunia?

FENI: Duara kama dunia, na nyuzi za mwanga zinaizunguka. Ikipata inawaka kijani, ikikosa inageuka rangi ya chungwa.

RIMOTI: Ndiye huyo Watson! Mjukuu alikuwa anamtafsiria Bibi. Ni kompyuta ya IBM, imepewa jina la Thomas Watson, bosi wa zamani wa kampuni. Kipindi chenyewe kinaitwa Jeopardy!, chemsha bongo ya Wamarekani, na pambano hili lilirushwa siku tatu mfululizo, tarehe 14 hadi 16 Februari 2011. Wale wawili ni vigogo. Ken Jennings mwaka 2004 alishinda mara 74 hajaangushwa, na Brad Rutter alikuwa amevuna pesa nyingi kuliko mshindani yeyote wa kipindi hicho. Mwendeshaji ni marehemu Alex Trebek.

FENI: Sasa hiyo dunia, mbona sikuona feni yoyote karibu? Mashine isiyopulizwa inaungua.

RIMOTI: Ile ilikuwa sura tu, Mzee. Mwili ulikuwa chumba kingine: seva 90, zimepangwa kwenye makabati 10. Haubebeki. Ikabidi jukwaa ndilo limfuate, likajengwa ndani ya kituo cha utafiti cha IBM, Yorktown Heights, jimbo la New York. Bwana harusi hahamishiki, ikahamishwa harusi.

FENI: Seva 90! Hapo waliopuliza ni ukoo wangu mzima. Na walitajwa?

RIMOTI: Sikusikia.

FENI: Ningeshangaa. Mmoja anasifiwa akili, wengine tunakesha tukimpepea asizimie. Haya, endelea. Nilimwona huyo Jennings ana kitu mkononi, dole gumba linakwenda kama mtu anayeua chawa, uso umemkaza, na hakuna kinachotokea. Nikasema, betri zimekwisha.

RIMOTI: Ndivyo tunavyosingiziwa siku zote! Betri zilikuwa nzima. Sikiliza, hapa tumefika kwenye taaluma yangu. Sheria ni kwamba usibonyeze mpaka Trebek amalize kusoma. Akimaliza, taa zinawaka, vitufe vinafunguliwa. Ukimtangulia, chako kinafungwa robo sekunde, na robo sekunde pale ni mwaka. Mwanadamu anakisia sauti ya Trebek itaishia wapi. Mashine haina haja ya kukisia. Imeletewa ishara kwa waya, na imefungiwa kidole cha chuma juu ya kitufe. Ishara ikifika, ta!

FENI: Kwa hiyo wale wawili walikuwa hawajui?

RIMOTI: Maswali mengi walijua wote watatu! Walichogombania ni nani afungue mdomo. Inaitwa chemsha bongo, kumbe ni chemsha kidole. Mimi sikushangaa. Humu ndani baba mwenye nyumba ana shahada mbili, na saa mbili ya taarifa ya habari ikifika tunatazama tamthilia, kwa sababu aliyenishika ni yule binti wa darasa la tano.

FENI: Lakini angalau ilimsikia Trebek, ikaelewa alichouliza.

RIMOTI: Ilimsikia? Haina sikio hata la dawa! Swali lililetwa kwake kama maandishi, dakika ileile wenzake wanalisoma ubaoni.

FENI: Kiziwi, basi.

RIMOTI: Kama wewe, heshima yako lakini. Siku ya kwanza liliulizwa swali la kutaja muongo. Jennings akabonyeza, akasema miaka ya ishirini. Akaambiwa amekosa. Zamu ikaja kwa Watson, na yeye kwa sauti ile ya ukarani akasema: miaka ya 1920.

FENI: Akarudia kosa la mwenzake?

RIMOTI: Lilelile. Trebek akamwambia, Ken keshasema hilo. Sasa aliyeambiwa hasikii!

FENI: Usicheke sana. Nikiwa namba tatu hata mimi… haya, tuyaache.

RIMOTI: Kuna na la mguu. Mwaka 1904 kwenye Olimpiki, Mmarekani mmoja, George Eyser, alipata dhahabu ya jimnastiki. Wakaulizwa, mwili wake ulikuwa na ajabu gani? Jennings akasema hana mkono. Watson akasema: mguu.

FENI: Mguu umefanyaje?

RIMOTI: Ndiyo hapo! Trebek kwanza alimpa, halafu waamuzi wakamnyang’anya. Kwamba mguu peke yake si jibu, jibu ni kuwa mguu mmoja hakuwa nao, alishindana na wa mti. Bibi alicheka mpaka mimi chini yake nikabadilisha stesheni. Akasema mtu akiulizwa ana kasoro gani akajibu “mguu”, huyo hakukosea na hakupata, huyo ni mwanasiasa.

FENI: Mti mmoja, dhahabu. Mimi nimesimama kwa mguu mmoja miaka kumi na saba na sijapewa hata mafuta ya mashine.

RIMOTI: Na kwenye kuweka dau je, ulimwona? Wenzake wanaweka namba za kibinadamu, elfu, elfu mbili. Yeye dola 6,435. Trebek akasema yeye hata haulizi.

FENI: Kama bili ya maji.

RIMOTI: Enhe! Basi siku ya kwanza ikaisha Watson na Rutter sawa, dola 5,000 kila mmoja, Jennings 2,000. Bibi akawa bado ana matumaini. Siku ya pili ikawa mauaji. Sina la kukusimulia hapo, ni ta, ta, ta, kidole cha chuma mwanzo mpaka mwisho. Mpaka likafika lile swali la mwisho, la kuandika.

FENI: Hilo niliona! Nilikuwa natoka kabatini. Wakaandika, wale wawili wameandika Chicago. Ile dunia ikaandika neno jingine, na nyuma yake ndoano. Ndoano tano.

RIMOTI: Alama za kuuliza. Ilibidi kutaja mji wa Marekani ambao uwanja wake mkubwa wa ndege una jina la shujaa wa vita vya pili vya dunia, na wa pili kwa ukubwa una jina la pigano la vita hivyohivyo. Ni O’Hare na Midway, Chicago. Mashine iliyomeza maktaba ikaandika Toronto.

FENI: Toronto si ya Kanada?

RIMOTI: Hata wewe unajua!

FENI: Katoni niliyokuja nayo ilipitia bandari nyingi.

RIMOTI: Wataalamu wake walijitetea baadaye. Eti Marekani nako viko vijiji vinavyoitwa Toronto, eti timu ya besiboli ya Toronto inacheza ligi ya Marekani, eti mashine imefundishwa kutoamini sana kichwa cha habari cha swali. Mjukuu akamwelezea Bibi yote hayo. Bibi akamwambia ondoka hapa. Akasema jambo lenyewe ni jepesi: huyu kategewa kitendawili, kashindwa, katoa mji.

FENI: Ehee!

RIMOTI: “Kitendawili!” “Tega!” Umeshindwa? Nipe mji. Watson akatoa mji. Bibi akamsifu sana, akasema katika siku mbili zote hapo ndipo alipoona adabu. Kasoro ni moja tu, katoa mji usio wa kwao.

FENI: Wa kwao angetoa upi? Yorktown Heights?

RIMOTI: Na dau lake hapo unalijua? Alikuwa na dola 36,681 kibindoni. Akaweka 947. Aliona kiza mbele, akapapasa kwa fimbo. Akabaki na 35,734, bado mbali mno na wenzake. Siku ya tatu ikaja ya kufunga hesabu tu: Watson 77,147, Jennings 24,000, Rutter 21,600. Swali la mwisho lilikuwa la Bram Stoker, mtunzi wa Dracula, wote walipata. Jennings chini ya jibu lake akaongeza utani kwamba yeye anawakaribisha mabwana wapya, makompyuta. Watu wakacheka. Nadhani ndio hao waliojenga mashine waliocheka zaidi.

FENI: Na zawadi? Feni wangu walipata chochote?

RIMOTI: Dola milioni moja, zikaenda kwenye hisani. Jennings 300,000 na Rutter 200,000, na hao nao waliahidi kutoa nusu. Bibi aliuliza mashine ingeziweka wapi hata hivyo, haina mfuko.

FENI: Mimi zile ndoano tano zimenikaa. Mashine ikiandika huku inajikuna kichwa… Hizi za siku hizi zinaandika ndoano?

RIMOTI: Ya mjukuu iko kwenye simu. Umeme ulipokatika, Bibi akamwambia aiulize mkate wa sinia mzuri Tanga unapatikana kwa nani. Ikajibu kabla hajatoa kidole. Ikataja duka, ikataja mtaa, ikasifia na iliki. Bibi kazaliwa mtaa ule, duka hilo hajapata kulisikia.

FENI: Ndoano ngapi?

RIMOTI: Hata moja. Mjukuu alipoibana, ikaomba radhi vizuri sana, ikamtajia duka la pili.

FENI: Na lenyewe?

RIMOTI: Hapo ndipo Bibi alipoondoka kwenda barazani. Tuyaache, Mzee. Giza lenyewe la vitendawili hili. Kitendawili!

FENI: Tega!

RIMOTI: Usiku kucha anakataa, na hakuna aliyemwomba kitu.

FENI: Huyo… huyo ni mwenye duka la mkopo.

RIMOTI: Hapana. Mwenye duka anaombwa kila saa.

FENI: Basi mlinzi wa geti.

RIMOTI: Mlinzi usiku amelala. Umeshindwa, nipe mji.

FENI: Ngoja kwanza, usiniharakishe, nalijua hili. Anakataa… bila kuombwa… limo hapa mdomoni…

(Umeme unarudi. Runinga inawaka na kuanza kupiga kelele. Feni anatikisika, anashika kasi, namba tatu, kichwa kinaanza kwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia.)

RIMOTI: Mzee! Mji!

FENI: Mlinzi wa geti!