YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KUNDI

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Masoko ya Afya (jina la ofisi nalihifadhi, mwenyewe unajijua).

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Kijana wenu wa dodoso amenijulisha kuwa kompyuta imenipanga kwenye kundi la Waishio Leo. Kwa heshima na taadhima, naomba nihamishwe.

Mliniuliza kama huwa nawaza afya yangu ya miaka kumi ijayo. Nikajibu hapana, maana jioni ile nilikuwa nawaza hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, na dodoso halikuwa na kisanduku cha tajiri. Mke wangu alisema presha yake anamwachia Mungu. Mkampeleka kwa Waliokata Tamaa. Sasa kila Jumatatu mimi naletewa ujumbe, "Oya mwanangu, punguza chumvi!" na yeye, "Mpendwa mama, unaweza!" Mkuu, sisi tunakula chungu kimoja. Ng'onda yenyewe inafika jikoni ikiwa imeshatiwa chumvi kabla ya kuanikwa. Zile gramu 5 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linasema tusizifikishe, kwake na kwangu ni zilezile.

Majina haya najua mmeyatoa wapi. Huko Uingereza wizara ya afya ilihoji watu karibu 5,000, ikawagawa mafungu matano, wakiwemo hao Waishio Leo na wengine waliobatizwa Wapenda Raha Wasiokufa. Lakini wenzenu walipima pia ufukara wa mtaa anaoishi mtu. Ninyi mmebeba majina, mtaa mkauacha bandarini.

Kuna mwanafunzi wa takwimu ninayempeleka chuoni asubuhi. Ananiambia kompyuta yenu huambiwa kwanza idadi ya makundi. Ukitaka matano inakupa matano. Ukitaka kumi na moja inakupa vilevile, hata kama watu wamesambaa bila mpaka wowote. Inaweka vitovu kwa kubahatisha, kila mtu anapelekwa kwenye kitovu kilicho karibu naye, vitovu vinasogezwa katikati ya watu wake, inarudia hivyo mpaka pasiwe na anayehama. Ikianzia kwingine, mtu anaweza kuangukia kwingine. Kumbe hulka yangu ni bahati nasibu! Tena mkiingiza umri kwa miaka na mapato kwa shilingi bila kuvisawazisha, shilingi zinameza kila kitu. Kosa hilo mkilifanya sitalalamika, kwa kuwa hata nyumbani kwangu ndivyo ilivyo.

Jina la kundi, hata hivyo, halikutoka kwenye kompyuta. Hilo mlilitunga wenyewe, nadhani baada ya chai.

Naomba basi nipelekwe kundi lolote lenye kipimo cha presha kinachofanya kazi, tena karibu na kijiwe. Kama nafasi hakuna, rudieni kubahatisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva wa bodaboda, Aishiye Leo (kaimu)

Nakala: Mama watoto, Waliokata Tamaa, kwa taarifa.