Massawe wa S Mbili

Baba mdogo anaamini kwa dhati kwamba Massawe wa S mbili na Masawe wa S moja ni koo mbili tofauti, na kwamba hao wa S moja ndio wanaouza vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Yeye ndiye aliyenikabidhi bahasha ya karatasi za babu niandike orodha ya ukoo kabla wazee hawajaisha.

Nikaanza na cheti cha ubatizo. Babu kaandikwa Massaue. Mwandiko ni wa mmisionari Mjerumani, na mantiki yake inaeleweka: kwao W hutamkwa V, na S ikikaa peke yake kati ya irabu mbili hugeuka Z. Angeandika Masawe, mwenzake angesoma Mazave. Akaongeza S, akafukuza W, akafunga daftari. Wala hatukuonewa peke yetu. Ramani zao zina Moschi, Aruscha na Kilimandscharo. Mlima mzima ulibebeshwa herufi nne kufanya kazi ya J moja.

Waingereza walipoichukua Moshi mwaka 1916, S ya pili ikakosa mtetezi. Stakabadhi ya kodi ya babu huyohuyo inasema Masawi. Baba alipoanza shule akawa Masawe. Mimi ni Massawe, na mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, ni Masawe.

Baba alipofariki tukafuatilia mafao yake. Ofisi husika, ambayo siitaji kwa kuwa faili bado liko mikononi mwao, ilituuliza kwa upole kama marehemu alikuwa na watoto wa nje. Walikuwa wananitazama mimi. Tukaenda kwa wakili, tukaapa kwamba Masawe na Massawe ni jina la mtu mmoja. Kiapo kikachapwa, kikagongwa mhuri, kikalipiwa. Kuja kukisoma kwenye daladala: Masswe.

Nilipomwonyesha baba mdogo kwamba baba yake mzazi ana S moja kwenye stakabadhi, alivaa miwani, akaigeuza karatasi huku na huku, kisha akatamka kwamba karani alikuwa amelewa mbege.

Kwa hiyo msomaji, kama wewe ni Masawe, Massaue, Masawi au hata Masswe, Desemba tukipanda nyumbani kwa Krismasi karibu kwenye kikao cha ukoo. Michango inapokelewa kwa tahajia yoyote.