Elimu ya Uchelewaji: Mhadhara kwa Walimu wa Milimani

Waheshimiwa walimu wakuu, manaibu wenu, walimu wa zamu, wawakilishi wa wazazi, na wewe kijana wa vipaza sauti: itifaki imezingatiwa. Ketini. Makofi ni ya mwishoni, ingawa sitamkataza anayeshindwa kujizuia.

Nimesimama hapa Milimani, Nakuru, Menengai mgongoni, ziwa mbele yangu, kwa sababu katika Bonde la Ufa lote hakuna mwingine aliyebobea katika elimu ya uchelewaji. Nina hakika na hilo. Nilimtafuta huyo mwingine kwa bidii na sikumpata zaidi ya mimi.

Tuanze na ujinga wenu, nasema kwa heshima. Mwanafunzi akikuta lango limefungwa, mwalimu wa zamu anazo dawa mbili tu: kufyeka nyasi na kuokota takataka. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na tangu hapo nyasi za shule hazijapumua. Mtoto aliyekosa dakika 10 za Hisabati anafyekeshwa uwanja hadi vipindi viwili vimekwisha, yaani anaponywa kwa kunyimwa dakika 80 nyingine. Hongereni.

Na huko kuchelewa kwenyewe! Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na yaishe saa tisa na nusu. Wengine wenu mnafunga lango saa moja kasorobo. Mtoto akitokea saa moja na nusu anaokoteshwa takataka kwa kosa la kuwahi kwa nusu saa. Silaumu. Kila fani ina miujiza yake.

Sasa nadharia yangu, fungueni madaftari. Mwanafunzi hachelewi. Mwanafunzi anafuata saa nyingine. Nakuru iko digrii 36 mashariki ya Greenwich, na kila digrii ni dakika 4 za jua. Zidisheni, msinitazame mimi. Jua letu limeitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 24, ilhali saa ya ukutani inadai 3 kamili. Kwa hiyo ukutani ikigonga saa mbili, jua la Menengai bado liko saa moja na dakika 24. Mtoto anayeingia darasani dakika 36 baada ya kengele namwita Mchelewaji wa Jua. Msimguse. Huyo ni mnajimu.

Wa pili ni Mchelewaji wa Kikoloni. Miaka ya 1930 serikali ya mkoloni iliziweka saa za Kenya mbele ya Greenwich kwa saa 2 na nusu, kisha ikaongeza robo, na baadaye ndipo tukatulia kwenye 3. Anayechelewa nusu saa, basi, bado anaishi mwanzoni mwa miaka ile. Wa robo saa anaishi mwishoni mwake. Mnapoteza muda kumwita mzazi. Mwiteni babu.

Baada ya hapo tunavuka mpaka. Anayechelewa saa nzima ni wa Goma. Anayechelewa saa tatu ni wa London, wala sisemi mtaa wetu wa London wa hapo juu, karibu na jaa la Gioto, ingawa mmoja aliyeingia saa tano aliniapia kwamba ndiko alikotoka, na hesabu ikakubali.

Naona mwalimu wa mbele ananong'ona. Sema tu. Ati watoto wanachelewa kwa sababu matatu ya Kiamunyi haing'oi nanga mpaka ijae? Ati kondakta akiona sare ya shule anageuza uso kwa kuwa mwanafunzi analipa nusu nauli, na wengine wameshachota maji na kumvalisha mdogo wao kabla ya kushika njia? Mwalimu, hayo ni maneno ya stejini. Hayana hata longitudo. Ukiyafuata utajikuta unazozana na kondakta badala ya kumfyekesha mtoto, na kwa kazi hiyo hakuna cheti wala posho.

Tiba ni moja. Kila shule itundike langoni saa zote: ya Jua, mbili za Mkoloni, ya Goma, ya Kinshasa na ya London. Mtoto akifika, mwalimu wa zamu anatafuta ile inayosema saa mbili kamili, anaandika jina chini yake, na uchelewaji unakuwa umekwisha kaunti nzima. Saa hizo ninazo kwenye buti la gari. Bei ni ya walimu.

Swali moja tu. Mama wa safu ya nyuma. Anasema barua ya mwaliko iliandika saa mbili, ninyi mkaketi saa mbili, nami nikaingia ukumbini saa nne. Asante, mama. Niliingia saa mbili kamili, kwa saa za Kinshasa. Saa yenyewe ni ile yenye fremu ya buluu.