Jinsi ya Kuachana na "Abandon"

Ndugu mwanafunzi wa Beijing, Wuhan au Chengdu, fungua kitabu chako cha msamiati wa Kiingereza ukurasa wa kwanza. Neno la juu kabisa ni "abandon", yaani kuacha, kutelekeza. Vitabu vingi vya maneno ya mtihani nchini China hupangwa kwa alfabeti, na neno hili limekuwa mzaha wa nchi nzima: kijana ananunua kitabu kwa ari, anasoma neno la kwanza, analitii. Muhula mpya ukifika anaanza tena, na anayempokea mlangoni ni "abandon" yuleyule. Wako waliohitimu wakiwa mabingwa wa herufi A.

Safari hii litii kwa moyo wote. Orodha ya alfabeti iweke rafuni, kwa sababu mpangilio wa alfabeti humsaidia mtu kutafuta neno, haumsaidii kulikumbuka. Ukimeza "adapt", "adept" na "adopt" usiku mmoja, asubuhi yatakuwa yamegombana na hakuna utakalolitambua.

Anza na maneno yale yanayofanya kazi kila siku. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Humo utawakuta "get", "put", "take", "come" na "go", uliofundishwa ukiwa mdogo, na kwa kuwa ni wafupi ukadhani umemalizana nao. Hujamalizana nao. Kila mmoja hutembea na mkia: "up", "out", "off", "down". Mkia ukibadilika, maana yote inahama. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukimbia. Mwaka 2004 watafiti Yan Liao na Yoshinori Fukuya walionyesha kwamba wanafunzi Wachina wa kiwango cha kati huvikwepa vitenzi hivi vyenye mkia na kuchagua kitenzi cha neno moja, hasa pale maana inapokuwa ya kitamathali. Waliobobea hawakukwepa hivyo. Basi mwanafunzi huyu, moto ukiwaka bwenini, atapaza sauti aombe watu wa-"extinguish". Sarufi yake safi kabisa, na moshi unaendelea.

Sababu inayotajwa ni kwamba Kichina hakina vitenzi vya namna hii. Mimi naona mnacho kitu cha jirani kabisa, tena mmekitumia tangu utotoni. Mtu akitulia mnasema "lengjing xialai": utulivu, kisha "xialai", kushuka. Mwingereza naye anasema "calm down", akishuka ngazi ileile. Kusimama ni "zhan qilai", kwa kuinuka, kama "stand up". Na "chulai", kutoka nje, ndiyo hazina yenyewe. "Kan chulai" ni kutazama mpaka jambo likatoka hadharani. "Xiang chulai" ni kufikiri mpaka wazo likatoka. Sasa tazama "find out", "work out", "figure out", "make out": kilichofichika kinatolewa nje. Usivikariri vinne hivi kama wageni wanne. Ni ukoo mmoja, na ukoo huo unaujua.

Haitalingana kila mara. "Give up" ni kukata tamaa, na hakuna "qilai" itakayokueleza kwa nini mtu anayeacha anapanda juu. Vya namna hiyo meza hivyohivyo. Lakini usianze kwa kumeza kile ambacho lugha ya mama yako imekwisha kukutafunia.

Hata ule mtindo wa kukipasua kitenzi na kutia kitu katikati usikutishe. Mnasema "na chu yi ben shu lai", kitabu kikiwa kimekaa kati ya "chu" na "lai". Kiingereza kina sharti moja la kushika: kwa vitenzi vinavyopasuka, kiwakilishi lazima kiingie ndani. Ni "turn it off", kamwe si "turn off it".

Idadi nayo isikuogopeshe. Mwaka 2015 Mélodie Garnier na Norbert Schmitt walitoa orodha ya vitenzi 150 vya aina hii vinavyotumika zaidi, wakabakiza maana muhimu tu, kwa wastani maana mbili kwa kila kitenzi. Hizo ni kama maana 300. Umekwisha kukariri maelfu ya maneno kwa ajili ya watu usiowajua. Hizi 300 ni za kwako.

Mtihani siudharau. Katika gaokao, mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kwa kawaida hubeba alama 150 kati ya 750, na mtu hachezei alama hizo. Maneno marefu utayahitaji katika kusoma na katika insha rasmi. "Tolerate" ina heshima yake kwenye karatasi. Ila usimwandikie rafiki yako ujumbe kana kwamba unaiandikia wizara.

Mazoezi yako bwenini, bure. Simulia siku yako kwa sauti ukitumia vitenzi vyenye mkia tu. Umeamka, "wake up". Umetoka kitandani, "get up". Kadi ya kantini imeisha pesa, "top up". Kazi ya mwalimu, "hand in". Jumamosi mnafidia vipindi vya sikukuu, na hilo nalo ni "make up". Chai imekwisha, "run out of". Usiku umeme wa bweni unakatwa, "the lights go out". Siku moja ya mwanafunzi imejaa vitenzi hivi.

Kisha nenda ukavitumie kwa watu. Beijing, katika Chuo Kikuu cha Renmin, kwa miaka mingi watu walikuwa wakikusanyika Ijumaa jioni kuzungumza Kiingereza uwanjani, mwanafunzi na mstaafu bega kwa bega. Ukifika kwenye mkusanyiko kama huo, lile jibu la kitabuni, "Fine, thank you, and you?", liache getini. Muulize mwenzako asubuhi yake ilikuwaje, kuanzia alipoamka. Akikuambia "I got up", usimwache hapo. Muulize alivaa nini, alipanda basi gani, nani alimchelewesha. Kila jibu litadai mkia wake.