Barua ya Wazi kwa Msajili wa Alama za Biashara: Pongezi kutoka Milima ya Upare

Kwa Msajili wa Alama za Biashara na Huduma, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Barua hii inawasilishwa mbele ya Mheshimiwa Msajili si kwa malalamiko bali kwa pongezi. Tangu ilipotungwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, wakulima, wafinyanzi na wasusi wa Milima ya Upare wameepushwa na mzigo wa kumiliki kwa pamoja jina la mahali wanapotoka, na wepesi huo wa mabega hauna budi kushukuriwa kwa maandishi.

Shukrani hizo zina uzito wa pekee kwa kuwa zinatoka kwa Wapare. Watani wao hudai kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kufuatilia kesi ya mbuzi, na madai hayo, ambayo Wapare wenyewe huyakanusha kwa nadra, yanaonyesha ni hatari iliyoje kuwapa watu wa namna hiyo haki inayoweza kudaiwa mahakamani. Sheria imetumia busara: haikuwanyima haki, maana aliyenyimwa haki hukata rufaa, bali imeiandika haki yenyewe kwa namna isiyowahusu.

Mfano ulio wazi ni tangawizi. Katika kata za mwinuko za Same Mashariki, hasa Mamba Myamba, zao hili ndilo tegemeo la mashamba madogo, na ushirika wa wakulima ulifikia hatua ya kuwa na kiwanda cha kusindika hukohuko mlimani. Tangawizi ikishang'olewa na kukung'utwa udongo hushindiliwa kwenye gunia mpaka mdomo ukatae kufungwa, kisha gunia hushonewa kilemba juu, yaani lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na barabara ya kuteremkia inaiona kila msimu. Gunia hilo linapofunguliwa Kariakoo, vitu viwili vinakuwa vimekwisha kupotea njiani: malipo ya kilemba na jina la Same. Kuanzia hapo ni tangawizi tu, inayoweza kuchanganywa na ya kwingine, kusagwa, na kutiwa kwenye pakiti yenye alama iliyosajiliwa kihalali na mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wowote.

Katika hili Msajili hana kosa. Alama ya biashara ni ishara inayotofautisha bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine, na kwa mantiki hiyo jina la mahali likiwa peke yake halifai, kwa sababu ni la wengi. Kinachofaa jina la wengi ni alama ya kijiografia, yaani ulinzi unaotolewa kwa jina la mahali pale ambapo sifa au umaarufu wa bidhaa unatokana na mahali hapo, hivi kwamba kila mzalishaji wa eneo hilo anayetimiza masharti huruhusiwa kulitumia na wa nje huzuiwa. Zanzibar iliingiza alama hizo katika Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008, na pilipili manga ya Penja ya Kameruni ililindwa kwa njia hiyo mwaka 2013, ilhali sheria ya Bara ya mwaka 1986 imenyamaza. Kimya hicho hakina haraka, kwa kuwa Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zenye maendeleo duni hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya mkataba wake wa haki miliki, na mkulima anayepanda leo anaweza kuihesabu misimu iliyobaki kwa vidole.

Isidhaniwe kwamba Upare unataka kila kitu kirudishwe. Makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yaliteremka mlimani zamani na yanaliwa katika shule za bweni nchi nzima bila kibali cha mtu, na mwenye akili timamu hawezi kuyafungulia shauri. Tofauti ni kwamba anayepika makande hajifanyi ametoka Same.

Kuhusu uvumbuzi, milima hii ina ndiva, bwawa dogo linalojazwa usiku kwa maji ya kijito na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke mashambani kwa mifereji, kwa zamu zinazosimamiwa na wenyeji wenyewe. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu, hutaka uvumbuzi uwe mpya; ndiva imevunja sharti hilo kwa kufanya kazi vizazi na vizazi. Zaidi ya hayo, mfumo wa usajili wa mtandaoni humdai mwombaji namba ya kitambulisho cha taifa, na waliochimba ndiva za kwanza walizembea wakafa kabla Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) haijaanzishwa. Watafiti wa vyuo vikuu, wa ndani na wa Ulaya, waliozichunguza ndiva za bonde la Makanya hawakupata shida hiyo: makala zao zina hakimiliki, ambayo hailindi maarifa bali maneno yaliyoandikwa kuyahusu, na maneno hayo hayakuandikwa na wenye zamu za maji.

Ngoma na simulizi zina bahati zaidi, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kuwa sanaa za jadi, na anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila anatakiwa kupata kibali. Kibali hicho, kwa jinsi sheria ilivyotungwa, hutolewa na Baraza la Sanaa la Taifa. Wazee wa Mbaga, huko Upare, hawana shughuli hapo.

Historia, hata hivyo, ina tahadhari moja. Katika miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ulichukua jina la mbiru, lililohusu ushuru wa jadi waliopewa watawala wa Kipare, ukalibandika kwenye kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, ukitumaini kwamba jina la nyumbani lingelainisha kodi ya ugenini. Mwaka 1945 maelfu ya walipa kodi waliteremka na kupiga kambi Same, na kodi ile hatimaye ikafutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu chembamba mwaka 1971. Nguvu ya namna hiyo huchosha pande zote, na pingamizi la karatasi ni nafuu zaidi: mnamo mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kujimilikisha jina la kikoi nchini mwake, watetezi wa wafumaji wa Kenya walipinga, na ombi halikufika mbali.

Sheria ya Bara nayo inatoa siku 60 za kupinga, tangu ombi linapotangazwa katika jarida la Msajili. Kwa hiyo, wakati sura ya alama za kijiografia ikisubiriwa, ombi la barua hii ni dogo: kila jarida hilo litokapo, nakala moja ifikishwe Mamba Myamba siku 60 zikiwa bado hai, ibandikwe kwenye ukuta wa kiwanda, mahali ambapo wakulima hupita. Usafiri hautaigharimu Serikali kitu, kwa kuwa malori yanayofuata tangawizi hupanda matupu.