Mlima wa Ubelgiji uko chini ya ziwa letu

Liège, mwezi wa nane

Yaya,

Salimu Mama kwanza, halafu wengine wote kwa kufuata umri ili mtu asinune. Hapa tuko wazima. Watoto wanakua, viatu vinawabana kabla havijachafuka, na shemeji yako bado anavaa koti zito mwezi huu ambao wenyeji wanauita wa joto. Ni mtoto wa Lubumbashi, mwache. Mimi niliyelelewa kwenye ukungu wa Pepa nazunguka na blauzi, na majirani Wabelgiji wananitazama kwa heshima.

Nimesikia habari imefika huko kwamba tumekwenda vakansi. Nimesikia pia kwamba kuna watu wameshapiga hesabu ya pesa zetu na kupata jibu ambalo hata mimi ningelifurahia. Basi wasomee barua hii kwa sauti. Tiketi tano za ndege mpaka Lubumbashi, na bado hujatafuta lori la kukupandisha Pepa, ni zizi zima la ng'ombe pamoja na mchungaji wake. Tulichofanya ni kutalii nchi hii hii tunayokaa, kwa gari letu lile uliloliona kwenye picha siku limeoshwa.

Na hata hilo ni kwa ajili ya shule. Huku masomo yakianza, mwalimu anamwuliza kila mtoto: likizo ulikwenda wapi? Huyu anasema Hispania, yule Italia. Mwaka jana wa pili wangu alisimama akasema alikwenda Brussels kununua mchele. Ilikuwa kweli, na alisimulia vizuri, mtaa wote wa Matonge mpaka bei ya samaki wa chumvi. Tukaitwa wazazi, tukaulizwa kwa upole mwingi kama nyumbani kuna shida yoyote. Shemeji yako akaapa: mwaka ujao watoto hawa wataona vitu.

Tukaanza na mlima. Mimi ndiye niliyeomba, maana watoto wangu wamezaliwa kwenye lami, mlima wanaujua kwa kuchora. Nikawaambia, leo mtaona kitu ambacho mjomba wenu anakiona kila akifungua mlango. Unaitwa Signal de Botrange, ndio mrefu kuliko yote Ubelgiji, na hauko mbali na hapa Liège. Nikapika bukari, nikaifunga kwa taulo isipoe, kuku wa kukaanga, sombe ndani ya kopo la siagi. Tukapanda gari.

Tulikwenda, Yaya, tukakwenda. Miti ya misonobari kushoto, miti ya misonobari kulia, barabara inapanda kidogo kwa adabu. Mwisho shemeji yako akaegesha mbele ya mkahawa na kuzima moto. Mkubwa akauliza, "Mlima uko wapi?" Baba yake akasoma kibao, akarudi akasoma tena, akasema, "Tuko juu yake."

Pale juu ni tambarare. Ukiweka mpira chini hauendi popote. Kibao kinasema mita 694 kutoka usawa wa bahari. Na hiyo 694 iliwauma wenyewe, maana mwaka 1923 walijenga kichuguu cha mita 6 pamoja na ngazi ya mawe, ili mgeni akipanda aweze kusema amefika mita 700. Kinaitwa Butte Baltia, kwa jina la jenerali aliyetawala wilaya hizi za mashariki, ambazo Ubelgiji ilizipata kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo mlima wao mkubwa ulikuwa mfupi zaidi. Kwa hiyo kilele walikipata kwa vita, na zile mita sita za mwisho kwa kubeba udongo.

Kitinda mimba alipanda ngazi hiyo akashuka, akapanda akashuka, mpaka nikamkataza asije akauchakaza mlima wa watu. Pembeni kulikuwa na Waholanzi wenye fimbo za kupandia milima, viatu vya kamba na chupa za maji mgongoni, wanahema. Tusiwacheke. Kwao, huko Uholanzi yenyewe ya Ulaya, kilele kikubwa ni mita 322. Walipotuona tunafungua taulo na bukari inatoa moshi katikati ya upepo ule, mmoja akauliza kama sisi ni wa msafara fulani. Shemeji yako akajibu ndiyo.

Sasa sikiliza vizuri, na hapa msomaji wako apaze sauti. Nilipokuwa nakula nikachukua simu nikatafuta habari za kwetu. Uso wa ziwa letu, Tanganyika, uko mita 773 juu ya bahari. Nikampa mkubwa asome, nisije nikawa nimeona vibaya. Akasoma vile vile. Maana yake mvuvi wa Moba aliyelala ndani ya mtumbwi wake, kofia usoni, hana habari na mtu, yuko juu ya mlima mkubwa wa Ubelgiji kwa mita 79. Hata ukimpa jenerali ngazi yake, mvuvi bado anaongoza kwa mita 73. Na hapo sijasema neno juu ya milima yetu ya Marungu, ambako vilele vinapita mita 2,400. Nasema maji tu. Ndagala wetu wanaogelea juu kuliko kilele cha Ubelgiji.

Shemeji yako aliacha kutafuna. Akatazama kichuguu, akatazama ngazi, akasema, "Na hawa ndio waliotutawala." Akaomba nyama nyingine.

Kutoka hapo watoto wakataka kumwona mtu mashuhuri wa Brussels. Watalii wanasukumana kumwona, wanapanda mabega ya wenzao. Ni mtoto wa shaba, uchi, anakojoa. Basi. Urefu wake haufiki sentimita 60. Fundi Jérôme Duquesnoy aliutengeneza mwili huo mwaka 1619, na ule wa asili wenyewe wameuweka ndani ya makumbusho ya mji. Anayekojoa pale kona ni nakala. Wanamwita Manneken Pis. Ana mavazi zaidi ya 1,000, mengi ni zawadi kutoka nchi za watu, na mwaka 2017 yalifunguliwa makumbusho ya nguo zake peke yake. Nikamtazama kitinda mimba wangu, ambaye kaptula yake ameirithi kwa kaka yake aliyeirithi kwa binamu, nikanyamaza.

Naye hapo hapo akasema anataka kukojoa. Choo cha karibu kilikuwa na mama ameketi mlangoni na kisahani cha sarafu. Nusu euro kila mtu, na unajua mtoto mmoja akienda chooni wengine wote wanakumbuka. Yaya, yule wa shaba anakojoa hadharani tangu karne ya 17, halipi kitu, anapigwa picha na kuvalishwa. Wangu akimwiga ukutani ni faini. Nikauliza wanaruhusu vipi, sikupata jibu.

Tervuren sikutaka kwenda. Mkubwa ndiye aliyeshikilia, kwa sababu walifundishwa darasani, na kwa sababu tramu ya 44 inapita katikati ya msitu na yeye anapenda tramu. Ni makumbusho ya Afrika, jumba kubwa kama ikulu, bustani mbele, maziwa ya kuchimbwa. Mfalme Leopold II ndiye aliyelijengesha, yeye ambaye Kongo hakuikanyaga hata siku moja, na alikufa 1909, kabla halijafunguliwa. Lilifungwa miaka mitano kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018, na siku hizi maelezo yake yanasema mambo ambayo zamani hayakusemwa.

Cha kwanza kukutana nacho ni mtumbwi. Mti mmoja uliochongwa, mita 22 na nusu, Leopold III alipanda ndani yake mwaka 1957. Watoto waliuzunguka wote. Wa pili akagusa hewa karibu nao, maana kugusa wenyewe ni mwiko, akauliza kwa nini hauna maji. Nikasema umepumzika.

Halafu mkubwa akanionyesha jina kwenye daftari lake: Lusinga. Nikashtuka, maana jina hilo mimi nililisikia jikoni kwa Bibi, na sikutegemea kulikuta kwenye daftari la shule la Kibelgiji. Unaikumbuka hadithi yake, mtemi wa Watabwa kule milimani juu ya ziwa. Luteni mmoja Mbelgiji, Émile Storms, alikuwa mkuu wa kituo cha Karema, ng'ambo ya ziwa, akavuka mwaka 1883 akajenga Mpala. Hakupatana na Lusinga. Desemba 1884 watu wa Storms wakamvamia mtemi kijijini kwake, wakamkata kichwa. Storms aliporudi kwao alirudi na fuvu, na pia sanamu ya mti ya Lusinga. Sanamu ni mali ya jumba hilo la Tervuren mpaka leo. Fuvu liliingia kwenye makusanyo ya taasisi ya sayansi ya asili, Brussels, huko huko ambako watoto wengine wanapelekwa kuona mifupa ya madinosaria.

Sitaki kumfanya Lusinga malaika. Alishambulia vijiji na kuuza watu, Bibi mwenyewe hakuficha. Lakini mimi niko hapo, mzaliwa wa Pepa, nimelipa kiingilio cha kwenda kusikia habari za mzee wa kwetu, na watoto wangu wanauliza maswali kwa Kifaransa kwa sauti ya juu. "Kichwa chake kilifanya safari na ndege?" Nikasema meli. "Alilipiwa tiketi?" Nikawaambia wasogee, tunazuia watu.

Karibu na kanisa la mji ule mdogo kuna makaburi saba. Mwaka 1897 walileta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, wakawajengea vijiji vya uongo bustanini ili umati uje kuwatazama. Saba hawakurudi. Majina yao yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Kitinda mimba, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, aliyasoma yote moja moja kwa kidole, na hapo hakuna aliyemharakisha.

Oostende nakupitishia haraka. Ni bahari, ina upepo, ina mchanga mpaka kwenye masikio. Kitinda mimba alikunywa funda akatema, akaja analia kwamba kuna mtu ametia chumvi. Amesikia kwangu maisha yake yote kwamba kwetu ziwani mtu anachota anakunywa, sasa ananiona mimi mwongo.

Mwisho Bruges. Mji mzuri, hilo nakubali, nyumba za zamani, mifereji, chokoleti kila dirisha. Mnara wa kengele una mita 83 na ngazi 366, ndiyo kusema mnara huo una kazi zaidi kuliko mlima wao. Shemeji yako alibaki chini kulinda gari, ingawa gari tulikuwa tumeliegesha nje ya mji. Kwenye maji kuna bata wakubwa weupe, shingo ndefu, wanene kweli kweli, na hakuna mtu anayewagusa. Wa pili akauliza kwa nini hawaliwi. Nikamsimulia wanavyosimulia wenyeji, na ni hekaya, usiniulize ushahidi: mwaka 1488 watu wa Bruges waliasi, wakamkata kichwa Pieter Lanchals, mtu wa mtawala wao Maximilian. Jina lake, kwa lugha yao, lilifanana na kusema shingo ndefu. Maximilian aliporudisha mamlaka akawahukumu wafuge bata wa shingo ndefu majini mwao milele, wao na watoto wao.

Wa pili alitazama bata kwa muda. Akauliza, "Na waliomkata kichwa Lusinga walihukumiwa kufuga nini?"

Nikamwambia kama ilivyo. Storms alipanda cheo mpaka jenerali. Akachongewa sanamu, ikawekwa kwenye bustani moja Brussels, ikakaa hapo mpaka mwaka 2022 ilipoondolewa.

"Hata bata mmoja?"

Hata bata mmoja.

Sasa Yaya, nina kazi ya kukupa. Watoto wameamua kwamba mwaka huu hawataeleza Bruges wala Brussels, wenzao wote wamefika. Wanataka kueleza ziwa lililo juu ya mlima, na Lusinga. Mita ninazo, za simu. Habari za Lusinga nilizonazo ni za Storms, maana ndizo zilizoandikwa, na zile za Bibi nazikumbuka vipande vipande. Kaa na Mama jioni, umwite na yule mzee jirani kama bado ana nguvu za kuongea, uwaulize wanajua nini: alikuwa wa ukoo gani, kijiji kilikuwa wapi hasa, watu walikimbilia wapi baada ya pale, nani aliimba nini. Waache waongee, usiwakatize kwa kutaka kuonyesha unajua. Rekodi kwa simu, upande pale mnapopata mtandao, unitumie. Na picha moja ya Marungu asubuhi, ng'ombe waonekane kwa ukubwa wao.

Shule inafunguliwa mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo usingoje siku ya soko.

Dada yako